Nta Tatu, Watoto Wawili

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka chuo, kule Kasapa, akaniambia wanafundishwa kulinganisha nta za mishumaa: ipi ikiungua inatoa joto zaidi, ipi inachafua hewa zaidi. Akaniuliza, kwa utani, kama mimi ningejua jibu. Nikamwambia aende akaoge. Akacheka, akaenda. Mimi nikabaki na ungo wa mchele mapajani, nikichambua mawe ambayo hayakuwamo.

Jibu ninalijua. Nililijua kabla mama yake hajazaliwa, na sikulipata darasani. Ninaliandika kwa sababu nimechoka kuwa nalo peke yangu. Mume wangu, aliyelitafuta kwa mikono yake, amekwisha kufa, na tangu siku zile hakulitaja tena.

Sisi ni watu wa Kasai kwa asili, lakini Kasai yenyewe nilikuwa sijaiona. Nilizaliwa Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, wakati mji bado ukiitwa Elisabethville. Baba yangu alikuwa akiuza vitambaa, na mume wangu alifundisha hesabu na sayansi katika shule ya misheni. Tulikuwa na vyumba viwili, pazia dirishani, na majirani wa kila aina. Kisha Katanga ikatangaza kuwa sasa ni nchi yenyewe, vita vikaja, na sisi tukaamka tumekuwa wageni katika barabara tulipoota meno. Jirani ambaye nilikuwa nikimwogeshea watoto akaanza kunisalimia kwa kuniuliza, "Mutaenda kwenu siku gani?" Kwetu! Kwetu kulikuwa pale pale, nyuma ya ukuta wake.

Majandarma, yaani askari wa Katanga, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anatoka Kasai, tulikimbilia kambini, pembeni mwa mji, ambako askari wageni wenye kofia za bluu walikuwa wakilinda watu wetu. Tulibeba tulichoweza. Mimi nilibeba blanketi na unga. Mama mkwe wangu alibeba jembe, sijui alitaka kulima nini. Mume wangu alibeba kipimajoto cha shule, amekifunga ndani ya soksi. Nilimgombeza njia nzima: tumeacha sufuria, tumebeba kijiti cha kioo!

"Sufuria bataazima sisi," alisema. "Hii, nani ataazima?"

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nilimpenda kwa ajili hiyo, na kuna siku nilimchukia kwa ajili hiyo hiyo.

Kambi ile sitaki kuisifia wala kuilaani sana, maana watu wamekwisha kusema. Nitasema jambo moja tu: miti. Tulipofika kulikuwa bado na miti, mikaratusi iliyopandwa kwa mistari na mingine ya pori. Watu ni wengi, chakula kinataka moto, basi miti ikakatwa. Ilipokwisha tukakata visiki. Visiki vilipokwisha tukachimba mizizi, na hapo ndipo jembe la mama mkwe lilipopata kazi yake. Mwishowe ikabaki ardhi nyekundu na vumbi, na upepo ukawa unapita kati ya vibanda bila kizuizi. Ukitazama upande wa mji uliliona bomba kubwa la kiwanda cha shaba likitoa moshi wake kama kawaida. Vita vilizima taa, vilizima treni, lakini bomba lile sikumbuki kulikosa.

Vibanda vyetu vilikuwa vya magunia, nyasi na mapipa yaliyopasuliwa. Baridi ilipoanza kuingia, ile baridi kavu ya mwezi wa sita inayochoma masikio, watu waliingiza mbabula ndani, yaani jiko la makaa, wakafunga mlango walale na joto. Katika mstari wetu fundi mmoja wa kushona, mke wake na mtoto wao walifanya hivyo. Asubuhi walikutwa wamelala vizuri sana, kama watu walioshiba, wote watatu wamekufa kwa hewa ya makaa. Tangu hapo wakubwa wa kambi wakakataza mbabula ndani, na hata wasingekataza, hakuna aliyethubutu.

Katika baridi hiyo ndipo nilipojifungua mapacha, kabla ya mwezi wao. Wavulana wawili, wadogo, ngozi nyembamba mpaka mishipa inaonekana.

Kwetu mapacha si watoto wa kawaida. Wanapokewa kama wakubwa. Wanawake huwaimbia nyimbo za matusi ambazo siku nyingine ungepigwa kwa kuziimba, na hakuna anayekasirika. Mama mkwe wangu, pamoja na magoti yake mabovu, alicheza katika vumbi lile mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Sharti lake nalo ni kubwa: anachopata mmoja, mwenzake apate kile kile. Kitambaa kimoja, kijiko kimoja, saa moja. Ukimpa mmoja kizuri na mwenzake kibaya, aliyeonewa hukasirika, akaondoka. Tunasema kuondoka. Neno kufa hatulisemi kwa pacha.

Nililijua sharti hilo tangu ningali msichana, na nililiamini. Nasema mapema ili asije mtu akadhani mwanamke mmoja mzee alitulazimisha.

Zahanati ya kambi ilikuwa na mtawa mmoja muuguzi, mtu mwema aliyechoka. Mimi nilikuwa na kikohozi. Aliwatazama watoto, akanitazama mimi, akasema nisiwalaze nami. Kila mmoja awe katika boksi lake, ili mmoja akipata ugonjwa asimpe mwenzake, na wawekewe chupa za maji ya moto pande zote mbili, zimefungwa vitambaa. Niwashike wakati wa kunyonyesha tu, na kitambaa mdomoni. Nikauliza kama hospitali ya mjini haiwezi kuwachukua. Akasema hospitali imejaa, na njia ina vizuizi vya majandarma, na mimi ninajua majandarma wanafanya nini na mtu wa Kasai.

Siku hizi nikipita penye akina mama waliojifungua naona wanafundishwa kumweka mtoto mdogo kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, apate joto la mama yake. Mara ya kwanza nilipoona hivyo ilinibidi nishike ukuta. Kifua nilikuwa nacho! Kilikuwa na homa, kilikuwa na joto tele, na nilikuwa nimekifunga kwa kitenge hatua mbili kutoka kwa wanangu, wakati sisi tunahangaika kutafuta moto.

Basi, chupa za maji ya moto. Chupa za bia tulipata. Mchana kulikuwa na jua, na moto wa nje tuliokuwa tukipikia uji ulitosha kuchemsha maji. Tatizo lilikuwa kuanzia jua kutua. Kuni hakuna, makaa ndani yamekatazwa. Kilichobaki ni mshumaa: kuwasha mshumaa chini ya kopo, maji yapate joto, uyamimine chupani, uanze tena.

Mishumaa nayo haikuwa ya aina moja. Misheni ilikuwa imegawa ile myeupe ya dukani, ambayo mume wangu alisema inatokana na mafuta ya ardhini kama petroli. Wanawake waliokaa karibu na machinjio walikuwa wakitengeneza mingine kwa mafuta ya ng'ombe, ya njano, yenye harufu ya nyama iliyolala. Na pembeni mwa kambi mzee mmoja mwenyeji, mkulima wa pori la upande wa kusini, alikuja kuuza nta ya nyuki iliyofinyangwa kama mikate.

Mtu mwingine angechukua chochote na kuwasha. Mume wangu akasema, "Ngojea kwanza. Tupime."

Alifanya mizani kwa kijiti, uzi na vifuniko viwili vya makopo. Akapima vipande vya nta vyenye uzito sawa, kimoja cha kila aina, akavitia utambi mmoja wa uzi wa gunia. Akachukua kopo lile lile, maji yale yale kwa kipimo cha chupa ya bia, akalizungushia bati upepo usipite. Akawasha, akapiga magoti mavumbini, kipimajoto mkononi, anatazama. Kikiisha kipande kimoja anamwaga maji, anangoja kopo lipoe, anaanza kingine. Watu walikusanyika kutazama. Mwalimu anapika maji kwa mshumaa! Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni na boksi moja huku na jingine huku.

"Batoto beko na baridi," alisema kwa sauti ili wote wasikie, "na ye iko nafundisha kopo."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, maana jua lilikuwa kali, watoto walikuwa wamenyonya, na kwa muda mfupi ilikuwa kama Kamalondo siku ya mapumziko. Hata mume wangu alitabasamu, bila kuinua macho.

Jibu lake, baada ya kazi yote ile, lilikuwa hili. Nta ya nyuki na mishumaa myeupe zilipandisha maji karibu sawasawa. Tofauti ilikuwa ndogo hata hakutaka kuisemea. Mafuta ya ng'ombe yalifuata nyuma kidogo. Kwa joto, alisema, mwali ni mwali, na sehemu kubwa inapotea hewani hata ufanye nini. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Alikuwa ameshika kipande cha karatasi nyeupe juu ya kila mwali. Juu ya nta ya nyuki karatasi ilipata kivuli cha kahawia tu. Mshumaa mweupe uliacha doa la masizi, jeusi zaidi utambi ulipokuwa mrefu. Mafuta ya ng'ombe yaliifanya karatasi kuwa nyeusi na yenye mafuta, kama kitambaa cha kushikia sufuria.

"Joto ni ile ile," aliniambia. "Ile yenye kuuwa ni moshi. Mu kibanda ya kufunga, na mapafu ya batoto kiloko vile, lazima tuwashe ya nyuki."

Akachukua koti lake la harusi, la pekee alilokuwa nalo, akaenda kwa yule mzee. Aliporudi alikuwa na nta, hana koti, akawa anaigeuza-geuza mikononi. Nilimuuliza kuna nini. Akasema amemuuliza yule mzee nta inapatikana vipi, naye akamweleza kuwa mzinga hutengenezwa kwa gamba la mti. Unauvua mti gamba lake lote kuzunguka shina, unalikunja, nyuki wanaingia. Na mti? "Muti unakufa," yule mzee alikuwa amejibu. "Mbele tulikuwa navua umoja huku, umoja kule. Sasa kambi na muji bote banataka nta. Pori inaisha." Hakusema kwa aibu wala kwa majivuno, alisema kama mtu anayetaja mvua.

"Kwa hiyo ile safi pia inakula miti," mume wangu aliniambia. "Hakuna ya bure hata moja." Akakaa chini akashika kichwa. Nilikasirika. Nilimwambia kama anataka kulilia miti aende akaililie nje, mimi hapa nina watoto wawili. Pale nje bomba la kiwanda linamwaga moshi juu ya mji mzima, na mwalimu wangu anahesabu dhambi za mshumaa! Lakini sasa nimezeeka, najua alichokuwa anakitafuta. Alitaka kuwe na kitu kimoja duniani ambacho mtu anaweza kukiwasha ili mtoto wake apate joto, bila kumdhuru mtoto huyo wala kingine chochote. Alikuwa na elimu ya kutosha kujua kwamba hakipo.

Na nta yenyewe haikutosha. Ilitosha mtoto mmoja kwa siku za baridi ile. Haikuweza kuwatosha wawili. Yule mzee hakuwa na nyingine, na mume wangu hakuwa na koti jingine.

Tulikaa watu wazima watatu tukatazama vile vipande: nta ya nyuki kidogo, mishumaa myeupe kidogo, mafuta ya ng'ombe ya kutosha. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mmoja apate nta ya nyuki, mwingine apate kilichobaki. Maboksi yangeweza kutenganishwa, tungeweza kuweka gunia katikati, moshi wa huyu usifike kwa yule.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kusema. "Mapasa habapewake bya tofauti." Mapacha hawapewi vitu tofauti.

Nikamtazama mume wangu. Nilingoja aseme kitu cha shule. Yeye aliyepima, aliyeshika karatasi, aliyejua kuwa masizi ni masizi. Alizungusha kipimajoto vidoleni, akasema, "Mama anasema kweli. Tutachanganya."

Wanasema mwenye njaa hana miiko. Ni uongo. Tulikuwa na njaa, tulikuwa na baridi, tulikuwa tumepoteza nyumba na mtaa na jina la nchi, na miiko tulibaki nayo yote. Pengine ndicho kitu pekee tulichofanikiwa kuhamisha kamili. Mimi mwenyewe nilisikia moyo umetulia aliposema vile. Ni nani angechagua? Ni mama gani angeinuka na kusema, huyu apewe safi, huyu apewe chafu?

Tuliyeyusha zote katika sufuria moja ya kuazima. Mimi ndiye niliyekoroga. Harufu ya asali ilikuja kwanza, kisha harufu ya nyama ikaifunika. Tulimimina katika mabua ya majani ya mpapai, yaliyo wazi ndani kama bomba, na zilipoganda tukayapasua. Tukapata mishumaa yenye urefu mmoja, rangi moja, rangi ya meno ya mzee. Mama mkwe akaigawa mafungu mawili sawasawa, moja kando ya kila boksi. Ilipendeza kuiona vile. Haki tupu.

Ila mafuta ya ng'ombe yalikuwa na chumvi na maji ndani yake, na maji na mwali havipatani. Jioni ya kwanza tuliona. Mishumaa ililia, ikarusha cheche, mwali ukawa unainama na kutoa moshi mnene. Joto lenyewe halikupanda vizuri, kwa sababu mwali unaosongwa haupashi kitu. Mume wangu alikata tambi, akazifupisha, akazikausha. Kukawa na nafuu kidogo. Kulipokucha nilipowanyonyesha nilikuta masizi katika matundu ya pua zao, mistari miwili myeusi kwa huyu, mistari miwili myeusi kwa yule. Nilifuta kwa ncha ya kitambaa, nikasema hakuna neno, ni masizi tu, yanafutika.

Hatukuwa na nta nyingine ya kuanzia upya. Ukishachanganya huwezi kuchambua.

Tuliendelea hivyo, zamu kwa zamu. Wa kwanza, yule mkubwa kwa kuzaliwa, akaanza kuvuta pumzi kwa nguvu, mbavu zinaingia ndani. Mtawa akamtazama akasema endeleeni na joto. Kisha alfajiri moja yenye umande wa barafu mishumaa ya upande wake ikazama katika maji yake yenyewe. Mume wangu aliwasha, ikazima. Akawasha, ikazima. Mama mkwe akaifikicha chupa mikononi kana kwamba angeitia joto hivyo. Upande wa mdogo mishumaa iliwaka, mibaya, yenye moshi, lakini iliwaka. Ilikuwa mchanganyiko ule ule, sufuria ile ile, mabua yale yale, na bado haikuwa sawa. Kuna mahali nilipokoroga pakapata maji zaidi, ndiyo hivyo tu.

Kulipopambazuka kabisa mkubwa alikuwa ameondoka.

Mume wangu alimwekea kipimajoto kwapani. Sijui alitaka kujua nini. Alikisoma muda mrefu, akakifuta kwa shati, akakirudisha ndani ya soksi.

Sijui mpaka leo ni baridi iliyomchukua au ni moshi. Nimejiuliza nikipika, nikiwa kanisani, nikiwa katika arusi za watu. Kama tungempa huyo nta safi, pengine angekuwa hai. Na yule mwingine je, mwenye mafuta matupu ya ng'ombe? Wewe unayesoma, kama una akili kuliko sisi, chagua. Chagua mmoja. Nitakaa hapa nikungojee.

Nilifungua kinywa nilie. Mama mkwe akaniziba kwa kiganja chake, si kwa ukali. "Ule mwingine iko nasikia," alisema. "Ukimulilia huyu, ule atamufuata." Hilo nalo nilikuwa nalijua. Pacha akiondoka haliliwi, mwenzake akiwa hai, kwa sababu mwenzake akisikia kilio hujua ameachwa, naye hushika njia. Nikameza. Wanawake wa mstari wetu walikuja wakamchukua mtoto kimya, wakatembea naye kama watu wanaokwenda kuchota maji. Mimi nilimnyonyesha yule aliyebaki, na ziwa la pili likawa linamwagika lenyewe kwenye kitenge.

Jioni ile jua lilipotua baridi ikaingia upya. Niliona mume wangu amechukua mshumaa kutoka fungu la mkubwa. Akauwasha chini ya kopo lake, wenyewe ukakubali, haukuzima hata mara moja. Maji yakapata joto. Akayamimina katika chupa, akaifunga kitambaa vizuri, akailaza ndani ya boksi tupu, mahali pa ubavu wa mtoto. Upande wa pili alikuwa amekwisha kumfanyia aliyebaki vile vile: mshumaa mmoja, chupa moja. Sawa kwa sawa. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Ndivyo inavyotakiwa, fungu la aliyeondoka haliguswi.

Huyo ndiye mwanamume aliyesema mwali ni mwali. Alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi tupu kwa utaratibu ule ule aliokuwa nao siku watu walipomcheka, na machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kidevuni, bila sauti, maana sauti ilikatazwa.

Nikamgusa mdogo. Miguu yake ilikuwa baridi.

Nikainuka. Nikaitoa chupa katika boksi la aliyeondoka, ikiwa na moto, nikaiweka kwa aliye hai. Kisha nikachukua fungu lote la mishumaa ya kaka yake nikaliweka upande wetu.

"Unamuiba ndugu yake," mama mkwe alisema. Aliogopa kweli, kama mimi.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Niko naiba."

Hakuna aliyenizuia. Mume wangu alikaa vile vile, mikono yake mitupu juu ya mapaja. Nikavua kitambaa mdomoni, nikakifungua kitenge, nikamtia mtoto kifuani, na chupa mbili pande zote mbili, kikohozi changu na masizi na vyote. Alipata joto taratibu. Akanyamaza, akalala.

Aliishi. Kifua chake hakikuwa kizuri kamwe, lakini aliishi, vita vikaisha, tukarudi Kamalondo, akakua, akaoa, ana mvi sasa. Anakuja kunisalimia kila Jumapili baada ya misa, anakaa katika kiti kile kile, anakohoa, ananiuliza kama nimekula. Ninampenda mpaka ninaogopa. Na kila anapoaga ninamtazama mgongo mpaka anapotelea kwenye kona, kwa sababu maadamu yeye yu hai mimi bado sijaruhusiwa kumlilia kaka yake.